Aliniuliza nyuzi zenyewe zimetengenezwa na nini, nikakwama

Kuna yale maelezo ya nadharia ya nyuzi ambayo kila mtu ameshayasikia hata kama hajafungua kitabu cha fizikia tangu amalize shule, kwamba ukiipasua atomi unakuta kiini, ukipasua kiini unakuta protoni na nyutroni, ukizipasua hizo unakuta kwaki, na ndani kabisa ya kwaki kuna kauzi kadogo mno kanatetemeka kama uzi wa gitaa, kakitetemeka hivi ndiyo elektroni, kakitetemeka vile ndiyo fotoni, yaani chembe ya mwanga, na ulimwengu wote basi ni muziki. Yanapendeza kweli. Mimi mwenyewe nimeyatumia mara nyingi tu, na watu huwa wanatikisa kichwa kwa heshima tunahamia stori nyingine, mpaka siku nilipomwambia mpwa wangu aliyeko sekondari, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha, alafu akauliza, "Sasa anko, huo uzi wenyewe umetengenezwa na nini?"

Nikakwama. Uzi wa gitaa ni chuma au nailoni, chuma ni atomi, na atomi ndizo tulizokuwa tunazieleza, kwa hiyo nilikuwa nimezunguka nimerudi nilikotoka. Nikamjibu "umetengenezwa na nishati", ambalo ni lile jibu watu wanatoa wakiwa hawana jibu, naye akaniangalia vile vijana wanavyomwangalia mtu mzima aliyebanwa.

Jibu sahihi, nililopaswa kumpa pale pale, ni kwamba haujatengenezwa na kitu. Sio siri wala fumbo. Hata kwenye fizikia ya kawaida ukiuliza elektroni imetengenezwa na nini unaambiwa hivyo hivyo, elektroni ni elektroni, haina vipande ndani, ni nukta. Nadharia ya nyuzi imebadilisha umbo tu, badala ya nukta isiyo na urefu tunaanza na kitu chenye urefu, basi. Uzi huo una namba moja tu ya kwake, ambayo ni mkazo, yaani umekazwa kiasi gani, na hauna hata vipande unavyoweza kuvitia alama ya wino ukasema hiki hapa na kile pale. Uzi wa gitaa unaweza pia kuvutika kwa urefu wake, ukabana hapa ukalegea pale. Huu wa kwetu hauwezi, unatetemeka kwa upande tu, kwa sababu "kipande hiki cha uzi" ni maneno yasiyo na maana kwake. Mfano wa gitaa unavunjika hapo, na ndio maana siku hizi nimeuacha.

Ila swali lake lilinifanya nigundue kosa kubwa zaidi, kwamba nilikuwa nasimulia stori kuanzia mwisho. Ukianza na "hebu fikiria kila kitu ni nyuzi" msikilizaji anadhani kuna watu walikaa siku moja wakaota jambo, wakalipenda, wakalitungia hesabu. Haikuwa hivyo hata kidogo. Walikuwa wanatafuta kitu kingine kabisa, wakakosea, na katika kukosea kwao akaingia mgeni ambaye hawakumwalika, wakajaribu kumfukuza miaka kadhaa, akagoma. Mgeni huyo ni mvutano, ile nguvu inayoangusha vitu chini.

Kabla ya mgeni, kwanza nyumba aliyoikuta. Fizikia ya leo ina miguu miwili na miguu yenyewe haisikilizani. Mmoja ni nadharia ya uhusianifu ya Einstein, ile aliyoikamilisha 1915, inayosema mvutano sio kamba inayovuta vitu, ni kupinda kwa nafasi na wakati wenyewe. Watu wanadhani hayo ni mambo ya nyota za mbali wakati simu mfukoni inayategemea kila siku. Saa zilizoko kwenye setilaiti za GPS, kwa sababu kule juu mvutano ni hafifu zaidi, zinakwenda mbele ya saa za huku chini kwa mikrosekunde 45 hivi kila siku, alafu kwa sababu setilaiti zenyewe ziko kwenye mbio zinachelewa mikrosekunde 7, ukitoa unabaki na 38. Unaona ni kidogo? Mwanga ndani ya mikrosekunde 38 unasafiri zaidi ya kilomita 11. Wasingeirekebisha hiyo, ramani yako ingekuweka mtaa mwingine kabla ya jua kuzama.

Mguu wa pili ni fizikia ya kwanta, iliyoanza na Max Planck mwaka 1900 alipokubali shingo upande kwamba nishati inatoka kwa vipande vipande na sio kwa mtiririko. Huko chini hakuna kitu kilichotulia, chembe haina mahali pamoja maalumu mpaka uipime, na hata utupu mtupu unachemka. Bila hiyo hakuna transista, na bila transista hakuna kompyuta wala hii simu tuliyotoka kuisema.

Kila mguu peke yake unatembea vizuri ajabu. Shida inakuja ukiviunganisha. Kama mvutano ni kupinda kwa nafasi, na kila kitu kidogo kinachemka, basi nafasi yenyewe inachemka, na ukizidi kuchungulia kwa karibu ndivyo inavyozidi kuchemka, mpaka hesabu zinaanza kutoa majibu yasiyo na kikomo. Kutoa majibu yasiyo na kikomo sio jambo geni, nguvu nyingine nazo zinafanya hivyo, ila kwa zile unapima namba chache maabara, unaziingiza, mambo yanakaa sawa. Kwa mvutano ukiziba tundu moja linafunguka jingine linalotaka namba yake mpya kutoka nje, ukiziba hilo mengine mawili, na hayaishi. Nadharia inayotaka uiletee namba zisizo na mwisho kabla haijakuambia chochote haijakuambia chochote.

Kwa kawaida hatujali. Mvutano ni dhaifu mno kwa vitu vidogo, kasumaku kadogo kananyanyua pini juu wakati Dunia nzima inaivuta pini hiyo hiyo chini, na kasumaku kanashinda. Kwa hiyo anayehesabu atomi anausahau mvutano, anayehesabu sayari anaisahau kwanta, kila mtu anarudi kwake na amani yake. Ugomvi unabaki sehemu mbili tu, katikati ya shimo jeusi, lile lenye mvutano mkali mpaka hata mwanga hautoki, na ule mwanzo kabisa wa ulimwengu, ambako kitu ni kidogo na kizito kwa wakati mmoja.

Sasa stori. Miaka ya 1960 walikuwa wanahangaika na nguvu inayoshikilia kiini cha atomi. Mashine zilikuwa zinagonganisha protoni na zinatoka chembe mpya kila kukicha, lundo, na hakuna aliyekuwa na nadharia yake. Mwaka 1968 Gabriele Veneziano, kijana wa Kiitaliano aliyekuwa CERN, ile maabara kubwa ya fizikia ya chembe huko Ulaya, akaona kwamba fomula moja ya zamani ya Euler, yule mwanahisabati wa karne ya 18, inaelezea migongano hiyo vizuri mno. Fomula tu. Kwa nini inafanya kazi hakuna aliyejua. Miaka miwili baadaye watu watatu, kila mmoja kwa njia yake, Yoichiro Nambu, Holger Nielsen na Leonard Susskind, wakasema jamani, hii fomula inaongea habari za uzi unaotetemeka, wala sio za nukta. Mimi hapa huwa nasimama kidogo, kwa sababu ndio hivyo nyuzi zilivyoingia fizikia, kwa mlango wa nyuma, kama maelezo ya fomula iliyokuwepo tayari.

Na zilikuja na matatizo kibao. Hesabu zilikaa sawa tu ukikubali kuwa na daimensheni 26, ishirini na sita, ilhali sisi tunaishi kwenye tatu na wakati wa nne. Kulikuwa na chembe inayokwenda mbio kuliko mwanga. Na kulikuwa na chembe nyingine ya kero, isiyo na masi hata kidogo, yenye spini ya 2, spini ikiwa ni ile chapa inayosema chembe inajizungusha namna gani, elektroni ina nusu, fotoni ina 1. Kwenye migongano ya protoni chembe ya namna hiyo haipo, haijaonekana, haitakiwi. Wakajaribu kuitoa. Unarekebisha hesabu hapa, inarudi pale. Unaifunika, inatokea upande wa pili. Kisha mwaka 1973 ikaja nadharia nzuri ya kwaki inayoeleza nguvu ya kiini bila nyuzi zozote, na wengi wakafunga mafaili yao wakaondoka.

Waliobaki walikuwa wa kuhesabika. Mwaka 1974 wawili kati yao, Joël Scherk Mfaransa na John Schwarz Mmarekani, wakauliza swali ambalo ukishalisikia unajiuliza kwa nini halikuulizwa mapema, kwamba vipi kama chembe hii ya kero haijakosea mlango, vipi kama sisi ndio tumeikosea? Kwa sababu ilikuwa imeshajulikana kwamba chembe isiyo na masi yenye spini 2, ukiiacha ifanye kazi yake, haina namna nyingine ya kuishi ila kufuata milinganyo ya Einstein. Yaani ni gravitoni. Ni mvutano wenyewe, katika lugha ya kwanta, ile lugha uliyokuwa unaikataa. Huko Japani Tamiaki Yoneya naye alikuwa anafika hapo hapo kivyake. Kilichobaki ni kuukaza uzi, sio ule uliolegea wenye ukubwa wa protoni, bali uliokazwa kiasi kwamba unakuwa mfupi karibu na kile kipimo cha Planck, ambacho kwa mita ni sifuri nukta, alafu sifuri 34, ndipo 16.

Namba hiyo haimwingii mtu kichwani kwa hiyo nilimpa mpwa wangu hivi, chukua protoni moja uikuze mpaka iwe na upana wa kilomita 170, safari ya kama saa mbili kwa gari. Ndani ya protoni hiyo kubwa, uzi sasa una ukubwa wa protoni ya kawaida. Akanyamaza, nikajua imeingia.

Watu walifurahi? Wala. Kwa miaka kumi hivi karibu hakuna aliyewasikiliza, na Scherk alifariki 1980 bila kuona kilichofuata.

Sasa kwa nini uzi unaponya yale majibu yasiyo na kikomo? Hapa ndipo video nyingi zinapita mbio, na ndipo mimi naona utamu wote ulipo. Siku nyingine mpwa wangu alinikuta nakunja nguo, nikaishika suruali mkononi, nikaona mungu wa fizikia amenionea huruma. Kwanza nikachora kwenye karatasi herufi Y, nikamwambia hivi ndivyo tunavyochora nukta mbili zinakutana zinakuwa moja, wakati unakwenda upande ule, mistari miwili inakuja, unatoka mmoja. Mahali pa kukutania ni pamoja, unaweza kuweka ncha ya kalamu, umbali ni sifuri kamili, na zile infiniti zote, yaani yale majibu yasiyo na kikomo, zinazaliwa kwenye ile ncha. Sasa chukua kitanzi badala ya nukta. Kitanzi kikisafiri kwenye wakati kinachora bomba. Vitanzi viwili vikija vikaungana kuwa kimoja vinachora mabomba mawili yanayoungana kuwa moja, yaani suruali, miguu miwili chini, kiuno kimoja juu. (Na wanafizikia wenyewe wanaiita suruali, sijaitunga mimi.)

Nikamwambia, nionyeshe mahali hasa ambapo viwili vinakuwa kimoja. Akaweka kidole pale katikati panapokutana mishono ya miguu. Nikamwambia sawa, sasa fikiria tunaichovya suruali kwenye maji taratibu ikiwa imesimama wima, miguu ikitangulia, usawa wa maji ndio "sasa hivi", kwanza unaona duara mbili, kisha ghafla zinagusana, na zinagusana pale ulipoweka kidole. Inamishe suruali upande kidogo uchovye tena. Akaichezesha hewani, akasema, "Zinagusana pengine." Enhe! Na kwa Einstein, kuinamisha suruali sio mchezo, ni mtu mwingine anayepita kwa kasi tofauti, ambaye "sasa hivi" yake imeinama ukilinganisha na yako. Kwa hiyo kila mtu anaona muungano umetokea mahali pake na hakuna aliyekosea, maana yake hakuna nukta moja ambayo wote tunaikubali kwamba ndipo ilipotokea. Ile ncha ya kalamu imefutika. Kitambaa ni laini kila mahali, hakuna pembe, na infiniti zimekosa pa kuzaliwa.

Ndio hiyo. Ukiniuliza kitu kimoja cha kubeba kuhusu nadharia hii, achana na gitaa, beba suruali.

Daimensheni nitazipitia haraka kidogo, kwa sababu zimepewa umaarufu kuliko zinavyostahili. Ukiingiza ulinganifu fulani unaooanisha chembe za maada na chembe za nguvu, ile 26 inashuka mpaka 10, na ile chembe inayokimbia kuliko mwanga inapotea. Bado kumi. Watu wakisikia daimensheni wanafikiria milango ya kwenda dunia nyingine, mambo ya sinema. Daimensheni ni namba tu. Nikitaka tukutane nahitaji kukupa namba nne, mbili za mahali kwenye ramani, moja ya ghorofa, moja ya saa. Daimensheni za ziada ni namba nyingine sita ambazo ungepaswa kuzitaja pia, ila kila moja ni kama mshale wa saa, ukiusogeza unarudi ulikoanza, na mzunguko wake ni mdogo kiasi kwamba kila kitu tunachokijua, hata protoni, kinaufunika wote kwa pamoja, kwa hiyo hakuna haja ya kuutaja. Wazo hilo halikuanza na nyuzi. Theodor Kaluza alimwandikia Einstein mwaka 1919 akimwonyesha kwamba ukiandika mvutano kwenye daimensheni tano badala ya nne, milinganyo ya sumaku na umeme inajitokeza yenyewe, na Einstein aliikalia karatasi ile kama miaka miwili kabla ya kuipeleka ichapishwe 1921. Oskar Klein mwaka 1926 ndiye aliyesema namba hiyo ya tano imejikunja duara dogo.

Mwaka 1984 ndio mlango ulifunguka. Schwarz akiwa na Michael Green, Mwingereza, walikuwa wanachunguza kama nadharia hii inajipinga yenyewe kwa ndani, kwa sababu nadharia nyingi nzuri zinafia hapo, kuna neno moja kwenye hesabu linabaki lisipotakiwa na kila kitu kinaanguka. Wakakuta kwamba neno hilo linakufa iwapo tu ulinganifu wa nadharia una vipengele 496. Sio 495, sio 500. Nami ni mpenzi wa namba kwa hiyo nivumilie, 496 ni ile namba kamili ya kizamani, jumlisha vigawanyo vyake vyote, 1, 2, 4, 8, 16, 31, 62, 124 na 248, unapata 496 tena. Haina maana yoyote ya siri nadhani, lakini mtu aliyehesabu mpaka usiku akakuta 496 inatokea kwenye karatasi yake namwonea wivu. Baada ya hapo kila mtu akataka kuingia kwenye fani. Miaka michache tu zikawepo nadharia tano za nyuzi, aibu kidogo kwa kitu kinachotaka kuwa nadharia ya kila kitu, mpaka 1995 Edward Witten alipoonyesha kwamba zote tano ni sura za kitu kimoja chenye daimensheni 11, ambacho mpaka leo hakuna aliyekiandika chote.

Jambo lililonigeuza mimi mwenyewe kutoka kwenye kejeli ni la 1996, na linahusu robo. Miaka ya 1970 Jacob Bekenstein na Stephen Hawking walikuwa wamegundua kwamba shimo jeusi lina joto, na kitu chenye joto lazima kiwe kimejengwa na mpangilio mwingi wa ndani usioonekana, kama vile joto la hewa ni molekuli zinazokimbia. Kipimo cha wingi wa mipangilio hiyo, yaani entropia (kihesabu ni logi ya idadi yake), kilitoka kuwa ni eneo la uso wa shimo gawanya kwa nne, ukipima kwa vipimo vya Planck. Eneo, sio ujazo, jambo la ajabu peke yake, kama vile ungesema idadi ya vitabu vinavyoingia chumbani inategemea kuta. Lakini mipangilio ya nini? Nafasi iliyopinda haina molekuli. Kwa zaidi ya miaka ishirini hakuna aliyeweza kuihesabu. Andrew Strominger na Cumrun Vafa wakachukua aina moja maalumu ya shimo jeusi, wakalijenga kwa vitu vya nadharia ya nyuzi, wakahesabu mipangilio mmoja baada ya mwingine, na jibu likatoka eneo gawanya kwa nne. Robo ile ile. Hakuna namba waliyoichomeka ili itoke. Ningekuwa na nadharia ya uongo ningetegemea ikosee hapo angalau kidogo, itoe theluthi, itoe sehemu ya saba.

Kweli shimo lenyewe halifanani na yale tunayoyaona angani, ni la kihesabu zaidi, nalisema ili nisionekane nauza.

Na malalamiko ni ya haki. Zile daimensheni sita zinaweza kujikunja kwa namna nyingi mno, makadirio yanayotajwa sana ni 1 ikifuatwa na sifuri 500, na kila mkunjo ni ulimwengu wenye chembe na nguvu zake. Unamwuliza nadharia, masi ya elektroni ni ngapi, inakujibu, elektroni ya ulimwengu gani? Mashine ya CERN yenye mzingo wa kilomita 27, ile iliyoipata chembe ya Higgs mwaka 2012, wengi walitarajia itazikamata chembe pacha zinazotokana na ule ulinganifu niliousema, na mpaka leo haijaona hata moja. Ili uzione nyuzi zenyewe moja kwa moja ungehitaji nishati kama mara milioni bilioni ya ile ya mashine hiyo. Na ule ugunduzi mkubwa wa Juan Maldacena wa 1997, kwamba ulimwengu wenye mvutano unaweza kuwa sawa kabisa na ulimwengu usio na mvutano unaokaa kwenye mpaka wake, kama picha na kivuli chake, unafanya kazi vizuri kwenye ulimwengu uliopinda kinyume na wetu. Wetu unatanuka kwa kasi inayoongezeka, hilo limejulikana tangu 1998, na ulimwengu wa namna hiyo ndio nadharia ya nyuzi inapata tabu kuujenga.

Kwa hiyo mtu akisema "haijathibitishwa" yuko sahihi, na akisema "ni utapeli" hajaiona ile robo. Mimi nimekaa hapo katikati na sioni haya. Kinachonikera ni zile video zinazosema wanasayansi wamegundua kwamba tunaishi kwenye daimensheni kumi. Hawajagundua. Wamegundua kwamba ukiandika kitu chenye urefu badala ya nukta na ukadai hesabu zisijipinge, kumi inatoka. Tofauti ni kubwa.

Mpwa wangu alirudi wiki iliyofuata, safari hii suruali hakuitaka. Alikuwa amesoma mahali kwamba nyuzi ziko za aina mbili, zilizo wazi zenye ncha mbili, na vitanzi vilivyofungwa, na kwamba zilizo wazi zinatoa nguvu kama ile ya mwanga, wakati gravitoni ni kitanzi. Akaja na swali lake ameliandaa, naona alikuwa amepania kunikamata tena. Kwa nini tusiseme ulimwengu una nyuzi zilizo wazi peke yake? Vitanzi tuvitupe. Tubaki na mwanga bila mvutano, maana mvutano ndio unaoleta shida zote.

Nikamwambia avue kiatu kimoja atoe kamba. Hiyo ni wazi, ina ncha mbili, sawa? Sawa. Na nyuzi mbili zikigusana ncha kwa ncha zinaweza kuungana kuwa moja, bila hivyo hakuna nguvu, hakuna kinachomgusa mwenzake. Sawa, akasema. Akaishika kamba ncha moja mkono huu na ncha nyingine mkono huu, akawa anaziangalia zinavyosogeleana, na niliona uso wake ukibadilika kabla hajazigusanisha.

"Kumbe zinaweza kuwa ncha za uzi huo huo mmoja."

Akazigusanisha. Kitanzi.

"Kwa hiyo hakitupiki," akasema.

Nikamwambia hata wenyewe walijaribu miaka sita.